Boksi Lisipojibu

Kabla ya kupata kiti, nilikuwa mtu wa moshi. Nasema hivyo bila aibu, maana nusu ya watu wa ufukwe huu wa ziwa Mweru wamelelewa na moshi wa samaki, na nusu nyingine wanamla samaki huyohuyo halafu wanatuambia tunanuka. Mama mdogo, yaani mdogo wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenivusha ziwa kutoka upande wa Kongo nikiwa bado nabebwa mgongoni, na ndiye mwenye banda la kukaushia samaki upande wa chini wa Nchelenge, mji wetu wa Zambia. Kazi ya banda ni ya watu wawili: mmoja anachochea moto, mwingine anageuza samaki kwenye kichanja kabla hawajaungua. Mimi nilikuwa wa kugeuza. Macho yangu yalikuwa mekundu mwaka mzima, hadi mchungaji wetu akaniita pembeni baada ya ibada na kuniuliza, kwa upole sana, kama kuna kitu ninachokunywa.

Kwa hiyo kilipofunguliwa kituo cha kompyuta nyuma ya soko, na ikatangazwa kwamba anatafutwa msimamizi anayejua Kiingereza, Kibemba na Kiswahili cha ng'ambo, nilioga mara mbili nikaenda. Wengine waliokuja walijua Kiingereza kunishinda. Lakini siku ya usaili waliingia wanawake watatu wa samaki, Wakongo, wakitaka kujua kama humo ndani wanachaji simu, na wenzangu wakabaki kuwatazama tu. Mimi niliwajibu kwa lugha yao na kwa sauti yao, wakatoka bila kugombana na mtu. Nikapewa kazi kwa majaribio, na pamoja na kazi nikapewa kiti. Kilikuwa kiti cha kuzunguka. Kwa mtu aliyezoea kuchuchumaa mbele ya moto, naomba msinicheke nikisema kwamba siku ya kwanza nilifika kabla ya jogoo ili nikikalie peke yangu.

Kompyuta zetu zilikuwa tisa, na hazikuwa na akili ya kwao. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kila moja ilianza kwa kuuliza bwana mkubwa yuko wapi. Bwana mkubwa alikuwa boksi jeusi lililokaa kwenye meza ndogo ya pembeni, nalo ndilo seva. Boksi likiitika, linaigawia kila kompyuta mfumo wake wa kufanyia kazi, safi, kama ulivyopangwa Lusaka. Jioni ukizima, uchafu wote wa siku unapotea, na kesho yake kompyuta zinaamka hazijui dhambi. Wakubwa walitaka hivyo kwa sababu kituo chao kingine, ambacho sitakitaja, kompyuta zake zilikuwa zimejazwa sinema na virusi hadi zikashindwa kufungua hata barua. Ndani ya kila kompyuta kulikuwa na diski yenye mfumo wake wa zamani, lakini walikuwa wameifunga isitumike. Ni boksi au hakuna.

Aliyesimamia yote hayo alikuwa fundi wa Lusaka. Huyu sikuwahi kumwona. Alikuwa sauti kwenye simu, sauti ya kijana mwenye adabu aliyechanganya Kiingereza na Kibemba cha mjini, aliyeniita ba sister na kumalizia kila ombi kwa mukwai, neno la heshima la Kibemba, kama inavyotakiwa. Kupitia dishi lililokuwa juu ya paa letu aliweza kuziona kompyuta zetu zote, kuzizima, kuzisafisha na kujua nani amefungua nini. Kwenye ubao wake kule Lusaka kila kompyuta ilikuwa taa ndogo: kijani ikiwa hai, nyekundu ikiwa imekufa. Aliona kila kitu isipokuwa chumba chenyewe.

Wiki ya kwanza mama mdogo alikuja kuikagua kazi yangu. Alizunguka chumba mikono ikiwa nyuma, akakikubali kiti, akayakubali mapazia, kisha akasimama mbele ya seva na kunigeukia kwa uso wa mtu aliyefedheheshwa.

“Hii iko uchi,” alisema.

Asiyelelewa katika nyumba ya Wakongo hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi wazi. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, televisheni ina chake, chupa ya chai ina chake, na Biblia kubwa ina chake chenye mfuko wa miwani. Mgeni akikuta televisheni haina kitambaa anajua nyumba hiyo haina mwanamke, au yupo lakini hajiheshimu. Na hili lilikuwa boksi lililotoka Lusaka kwa gari. Mama mdogo alilipima kwa kiganja, juu, chini na ubavuni, akaenda zake. Jioni kadhaa alizima moto wa samaki akakaa kufuma, na alipomaliza alileta nguo ambayo mpaka leo sijaona nyingine ya kuifikia: uzi mweupe mzito, maua mekundu kwenye pindo, vifungo nyuma, na tundu dogo la kupitisha waya. Ilikaa mwilini mwa boksi kama imeshonewa bibi harusi. Nami niliitunza. Kila Jumapili baada ya ibada niliifua, na kwa kuwa uzi ule ulikuwa mzito, Jumatatu ilikuwa bado kambani, nikalivalisha boksi Jumanne asubuhi.

Haukupita muda mrefu kompyuta zikaanza kufa.

Zilikuwa zinawaka vizuri asubuhi. Watu wanaingia, wanafunzi wa kutafuta vyuo, wafanyabiashara wa kuulizia bei ya samaki Ndola, wanawake wa darasa la kuchapa. Jua likishapanda na bati likianza kulia, ghafla kila kitu kinaganda. Mtu anachapa neno, herufi hazitoki. Ukizima na kuwasha, skrini inabaki nyeusi na maneno meupe ya Kiingereza yanayosema hakuna cha kuwakia. Natoka nje kuwatuliza watu, narudi, nangoja, najaribu tena, na boksi likishapumzika linaamka kama halikufanya lolote. Kisha mchana linazimia tena. Darasa la kuchapa lilikuwa halivuki sentensi ya tatu.

Fundi wa Lusaka aliteseka kuliko mimi. Kilichomchanganya zaidi ni Jumatatu. Jumatatu hatukuwa na shida yoyote, taa zote za kijani kuanzia asubuhi hadi jioni. Alitunga sababu baada ya sababu. Mara akasema umeme wa Nchelenge unapumzika Jumapili kwa hiyo Jumatatu una nguvu. Mara akaanza kushuku mashine ya kusaga unga iliyokuwa ukuta mmoja na sisi, akanituma niulize kama Jumatatu haisagi. Nilikwenda. Mwenye mashine ya unga alikuwa mzee wa kanisa na alidhani nimetumwa kuchunguza kama anafanya kazi Jumapili, akanijibu vibaya mbele ya wateja. Anasaga siku zote sita, alisema, na kompyuta zetu zimtafute mchawi mwingine.

Siku moja fundi alisema kipimo cha boksi kinaonyesha joto kali, lakini pengine kipimo chenyewe kimeharibika. Akaniuliza kwa makini, taratibu, kama daktari: kuna kitu chochote kimewekwa juu yake, au kando yake? Vitabu? Makaratasi? Masufuria? Niligeuka nikalitazama boksi lilivyokaa kwenye pembe yake, maua mekundu pande zote. Nikamjibu hakuna kitu, mukwai, liko safi kabisa. Na mpaka leo nakataa kwamba nilidanganya. Nguo si kitu kilichowekwa juu ya mtu. Mtu akiulizwa kichwani amebeba nini, hasemi amebeba kilemba.

Kisha ukaja ujumbe wa kweli. Fundi alipiga Jumatatu, siku njema, na sauti yake haikuwa njema. Wakubwa wake wamechoka na taa nyekundu za Nchelenge. Ijumaa watakaa mbele ya ubao, na kama asubuhi yote hawataona kompyuta tisa zikiwa hai, kituo kitahesabiwa kimeshindwa na lori litakuja kuzichukua. Mwansabombwe, mji mwingine wa mkoa wetu, kuna chumba kimeshapakwa rangi kuzipokea.

Sina ugomvi na watu wa Mwansabombwe. Wana mashamba, wana samaki, wana sherehe zao ambazo nchi nzima inakwenda kuziangalia. Sasa wanataka na kompyuta? Nilikasirika kwanza, nikaizungusha hasira yangu kwenye kiti mara kadhaa, halafu nikaogopa. Kompyuta zikienda Mwansabombwe, mimi naenda motoni. Niliyaona macho yangu mekundu tena, na mchungaji akiniita pembeni. Nilikuwa nimeshaonja kukaa mahali ambapo mtu anaingia na kunisalimia kabla ya kuniuliza bei, na sikutaka kurudi kuchuchumaa. Nilitaka kubaki, basi.

Fundi naye hakutaka kushindwa. Alisema kama hajui kinacholiua boksi, angalau kompyuta zisife nalo. Tutazipa njia ya akiba. Akanieleza: kila kompyuta ina orodha ndani yake ya mahali pa kutafuta mfumo inapoamka. Ya kwetu imeandikiwa mahali pamoja tu. Sasa tutaifundisha kwamba kwanza ilitafute boksi; boksi lisipojibu, ifungue diski yake yenyewe; diski nayo ikigoma, itazame kama kuna flashi imechomekwa. Nilielewa mara moja. Kila mwanamke anayengoja mitumbwi asubuhi anaishi hivyo. Mtumbwi wa mteja wako usipofika unakwenda kwa jirani, jirani naye akiwa hana unapika majani ya mihogo, na watoto wanakula. Ajabu ni kwamba watu waliosoma hadi Lusaka walikuwa wamezinyima kompyuta zao majani ya mihogo.

Shida ilikuwa moja. Mlango huo haufunguliwi kutoka mbali. Lazima mtu awepo, awashe kompyuta, na katika kile kipande kidogo cha muda kabla haijaanza kuuliza, abonyeze kitufe kiitwacho F2. Ukiwahi, haikusikii. Ukichelewa, imeshapita. Na ndani ya chumba chetu simu ilikuwa inashika mtandao sehemu moja tu, dirishani upande wa ziwa, tena ukitoa kichwa nje. Kompyuta zilikuwa ukuta wa pili. Katikati yetu ulikuwa mlio wa mashine ya unga, ambayo mwenyewe alikuwa ameamua wiki ile kusaga kwa bidii ya mtu aliyetukanwa.

Tukapanga mstari. Mimi dirishani, kichwa nje, sikio kwa fundi. Katikati ya chumba nilimweka mama muuza vitumbua, mwanafunzi wangu wa kuchapa, Mbemba anayejua Kiswahili cha soko na ambaye sauti yake akitangaza vitumbua inavuka maji. Na mbele ya kompyuta alikaa mama mdogo, aliyekuwa amekuja tu kuniletea chakula. Nilimchagua kwa sababu ya vidole. Mtu aliyegeuza samaki juu ya moto miaka mingi kabla yangu bila kuungua ana vidole vinavyojua kuwahi na kutoka.

Fundi akasema, kwa Kiingereza, washa sasa, halafu bonyeza. Mimi nikasema kwa Kiswahili, washa, bonyeza. Mama wa vitumbua akarudia kwa nguvu, washa, bonyeza. Mama mdogo akauliza abonyeze wapi. Mama wa vitumbua akanirudishia swali, nikalipeleka Lusaka, Lusaka ikajibu, na jibu lilipofika kwenye kibodi kompyuta ilikuwa imeshauliza, imeshakosa na imeshalala. Tukarudia. Mara ya pili mama mdogo alibonyeza kabla haijawaka, mara nyingine akabonyeza kitufe cha kuzimia. Kule Lusaka nilimsikia fundi akivuta pumzi kupitia pua. Akasema basi, msingoje neno langu. Ikiwaka tu, aanze kugonga kitufe kile haraka haraka, asiache, mpaka skrini ibadilike.

Hapo alikuwa ameongea lugha ya nyumbani. Nilimwambia mama mdogo afanye kama anageuza chisense, vile vidagaa vidogo ambavyo ukikaa navyo sana vinakuwa majivu. Akakunja mikono ya blauzi, akawasha, vidole vikaanza kucheza, na skrini ikawa ya buluu.

“Bon,” alisema kwa Kifaransa cha ng'ambo, bila kugeuka. “Imefungua. Ya pili iko wapi?”

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumshika. Alikuwa amekalia kiti changu na amegundua kwamba kinazunguka na kutembea, basi alijisukuma kwa miguu kutoka kompyuta hadi kompyuta, na kila alipofika aliigonga hadi ikafungua, nami nikawa narudi dirishani kuuliza mshale uende upande au ushuke. Nane tulizimaliza. Ya tisa, ile ya karibu na mlango, nayo ilifunguka, lakini diski yake ilikuwa imekufa zamani. Kwa hiyo, fundi akasema, hiyo itabaki na flashi tu, na akatuma flashi yenye mfumo ndani kwa basi.

Ilifika Alhamisi ndani ya mfuko wa shati la kondakta. Fundi alinikanya isichomolewe nyuma ya ile kompyuta hata kwa dakika. Hakujua anachoniomba. Flashi iliyokaa bila kazi, katika mji ambao kila duka lina spika na kila kanisa lina kwaya mbili, haikai peke yake muda mrefu. Kiongozi wa kwaya yetu aliiona siku hiyohiyo na kuniomba nimwazime, kwa kazi ya Mungu, irudi jioni. Nilimkatalia mtumishi huyo, kisha nikaifunga flashi kwa plasta ya vidonda, mizunguko mingi, ili mwizi au mcha Mungu apate taabu.

Nikapiga picha ya ile kompyuta kwa nyuma ili fundi ahakikishe nimechomeka penyewe. Picha ilichukua muda mrefu kupanda. Kisha simu ikaita.

Hakunisalimia. Aliniuliza hicho cheupe kwenye pembe ya picha ni nini. Nikamuuliza kipi. Chenye maua mekundu, akasema. Nikacheka kidogo kwa fahari, nikamwambia hilo ndilo boksi, limevaa.

Nilitoa kichwa nje zaidi nikidhani mtandao umekatika. Kisha akauliza limevaa tangu lini. Nikasema tangu wiki ya kwanza, siku zote, ila Jumatatu, maana Jumatatu nguo inakuwa haijakauka.

Nilisikia kitu kama kalamu kikianguka, halafu nikasikia mtu akicheka kwa namna ambayo hakutaka kucheka, na mwingine wa pili akiuliza kuna nini, akielezwa, na yeye akianza. Niliumia. Fundi akarudi kwenye simu akaomba radhi, mukwai, mara nyingi, akanieleza kwamba lile boksi ubavuni lina matundu, na kwa matundu hayo linavuta hewa baridi na kutoa moto. Tulikuwa tumelivika koti zito katika chumba cha bati, tukalifunga na vifungo.

Nililivua mwenyewe. Chuma kilikuwa cha moto kama sufuria. Kazi ngumu zaidi ilikuwa bado, maana mama mdogo aliingia na bakuli la chakula na kunikuta nimeishika ile nguo mkononi. Sikuona njia ya kuzunguka, nikamwambia yote. Alisikiliza amesimama.

“Donc ni miye njo niliua mashini,” alisema.

“Haikufa, mama mudogo. Ilikuwa inazimia tu.”

Alilitazama boksi muda mrefu. Nilidhani analia, kumbe anakasirika.

“Mutoto naye ukimufunika sana mu joto, anazimia. Lakini mutoto tunajua eko napumua. Hii nani alisema kama iko napumua? Munaleta kintu mu muji, hamusemi kama iko na pua.”

Swali hilo lilikuwa la Lusaka, si langu. Aliikunja nguo yake kwa pembe, taratibu, akaitia kwenye kikapu, akaondoka na bakuli la chakula pia. Siku hiyo sikula.

Lakini nililala vizuri. Mchana wote wa Alhamisi boksi lilikuwa uchi na halikuzimia. Tulikuwa tumemkamata muuaji, na Ijumaa ingekuwa Jumatatu nyingine. Ijumaa asubuhi nikavaa sketi yangu ya kanisani, nikafungua mlango, nikaliwasha boksi. Likatoa mlio mfupi kama wa mtu anayesafisha koo, likanyamaza. Nikaliwasha tena. Halikutoa hata ule mlio.

Lilikuwa limepikwa mara nyingi mno. Nilikwenda dirishani, nikamwambia fundi boksi halijibu. Nyuma yake nilisikia viti vikivutwa na watu wakisalimiana. Wakubwa walikuwa wameshaingia.

Hakupandisha sauti. Aliniambia niziwashe kompyuta, zote. Nikamwambia tena boksi limekufa. Akasema amesikia, na ndiyo maana mama yule aligonga vitufe siku nzima. Dishi lina waya wake, halilitegemei boksi, kwa hiyo zikiamka kwa njia yoyote ataziona. Washa, mukwai, halafu usiguse kitu.

Niliziwasha moja baada ya nyingine. Wanawake wa darasa walikuwa wameshafika, mama wa vitumbua na beseni lake, na mama mdogo aliyeingia akinuka moto, hakunisalimia, akasimama karibu na ile ya mlangoni. Skrini tisa zilikuwa nyeusi. Ziliuliza boksi liko wapi. Kistari kidogo cheupe kikawa kinawaka na kuzimika. Ziliuliza tena. Sikuwahi kujua kwamba mashine inaweza kungoja kwa adabu namna ile, na nilitamani kuzipiga makofi. Nilifikiria moshi. Nilifikiria sketi yangu na jinsi nitakavyoifua ili itoke harufu.

Kisha moja ya katikati ikapata rangi. Haikuwa picha yetu ya kila siku. Ilikuwa picha ya zamani, mlima wenye theluji ambao hakuna aliyeuweka, uliolala kwenye diski yake miaka yote. Ikafuata ya pembeni. Kisha mbili kwa pamoja. Milima ikatokea ukuta mzima, bila mpangilio, hadi ikawa minane, na watu wakaanza kuhesabu kwa lugha tatu.

Ya tisa ikabaki nyeusi. Hii ilikuwa na safari ndefu kuliko wenzake: ilikwenda kwa boksi, haikujibiwa, ikaenda kwa diski yake, ikakuta maiti. Nilitaka kwenda kuitikisa. Mama mdogo aliniwekea mkono kifuani bila kunitazama, na mkono mwingine akauweka juu ya ile kompyuta, kama anavyowawekea watoto wa homa.

“Ngoja,” alisema, sijui akimwambia nani. “Iko natafuta.”

Nyuma yake, chini ya plasta, taa ndogo ya flashi ikaanza kupepesa. Ilipepesa muda mrefu, na ndipo skrini ikafunguka.

Nilikimbilia dirishani. Fundi alikuwa anaongea na watu wengine, kwa sauti ya ofisini, kisha akanirudia na kusema kwa Kibemba, polepole, kwamba anaona tisa, zote kijani. Ziliendelea kuwa kijani asubuhi yote. Kabla ya chakula cha mchana akapiga tena: kompyuta zinabaki Nchelenge, boksi jipya litakuja, na majaribio yangu yamekwisha, kazi ni yangu. Akaongeza kwamba boksi jipya lisivalishwe. Nilikaa kwenye kiti nikazunguka mara moja, mbele ya wanafunzi, sikujali.

Mama mdogo hakuwa ametaka kusikia mwisho. Alikuwa ameondoka ya tisa ilipowaka tu, akisema samaki wake wataungua. Kwa hiyo jioni nilishuka hadi bandani kumpelekea habari, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipoinama kuingia nilikuta mwanamke amechuchumaa mbele ya kichanja, mahali pangu, anageuza samaki. Mjane kutoka Puta, nilimfahamu kwa sura. Alikuwa anageuza vizuri.

Nilisimama pale mlangoni nikiwa na hasira ambayo sikuwa na haki nayo. Nilikuwa nimeondoka miezi mingi, na kwa miezi hiyo yote sikuwahi hata mara moja kuuliza nani anageuza. Nilimwona mama mdogo amechoka na nikadhani ni umri. Jirani wa banda la pili, aliyekuwa anafungua nyavu hapo nje, ndiye aliyenieleza kwa furaha kwamba leo hatimaye mama mdogo amepata msaidizi, maana watu wengi wamekuja kuomba nafasi ile na kila mmoja alimjibu kwamba pale pana mwenyewe. Alikuwa anachochea na kugeuza peke yake, na jioni anafuma.

Mama mdogo alitoka nje akijifuta mikono. Nilimwambia kazi ni yangu sasa, ya kudumu. Akaitikia kwa kichwa, hakuonekana kushangaa. Nikamwambia Jumamosi ninaweza kuja kumsaidia. Akasema hapana, nitakwenda kunuka mbele ya watu wa kompyuta. Nilitaka kumshukuru na sikujua nianzie wapi, nikasikia mdomo wangu ukiuliza kitu kingine kabisa.

“Na kama hii kazi itaisha, mama mudogo?”

Alimtazama yule mwanamke wa Puta kupitia mlangoni, jinsi anavyofanya kazi, kisha akanitazama mimi na sketi yangu ya kanisani.

“Isiishe,” alisema, akarudi ndani kuchochea moto.